Bolti za silinda hedi: silikoni au gundi ya teflon?

Kwenye injini ya Chevrolet 350, mashimo ya bolti za silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda) yametoboka hadi kwenye njia ya maji ya bloku. Bolti ikiingia kavu, maji hupanda taratibu kwenye meno na kuchomoza chini ya kichwa chake.

Wengi hukimbilia silikoni, maana ipo kila duka la spea. Inaziba, sikatai, ila ukichelewa kukaza inaanza kuganda na kukatikakatika. Gundi laini ya teflon haina haraka hiyo. Tena inalainisha meno, kwa hiyo spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) haikudanganyi unapofikia futi-ratili 65. Mimi natumia hii. Sugua kwanza kutu mashimoni, paka gundi kwenye meno, kisha tone la oili chini ya kichwa cha bolti.