Miji ya kale ya Uzbekistan: njia tano za kununua safari, kuanzia iliyo bora

Anayetaka kuzunguka miji ya kale ya Uzbekistan hukutana na swali la pesa mapema sana: anunue kifurushi kizima kwa wakala, au anunue kipande kimoja kimoja mwenyewe? Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua kifurushi, na uwanja wa Registan mjini Samarkand nikauona kwa dakika 40, saa sita mchana, jua la utosini, mwongozaji akitazama saa yake. Mara ya pili nilijipangia. Nilikaa uwanjani hapo hapo tangu alasiri mpaka giza likaingia, vigae vya madrasa zinazouzunguka vikabadilika kutoka buluu iliyopauka hadi buluu nzito, taa zikawashwa. Safari hiyo ya pili ilinigharimu kidogo kuliko ya kwanza. Kwa hiyo njia zote hapa nimezipanga kwa kipimo kimoja: pesa unayotoa inakununulia saa ngapi mbele ya kile ulichosafiri kukiona, na ni saa zipi za siku.

Tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo inayoamua bei. Miji minne imepangana kutoka mashariki kwenda magharibi: Tashkent, kisha Samarkand umbali wa zaidi ya kilomita 300, kisha Bukhara, na mwisho kabisa Khiva, ng'ambo ya jangwa la Kyzylkum, takriban kilomita 450 kutoka Bukhara. Ndege nyingi kutoka nje hutua Tashkent. Ukienda mji kwa mji mpaka Khiva, utabaki na safari ndefu ya kurudi ambayo haina jipya la kukuonyesha. Wanaoijua njia hufanya kinyume: hupanda ndege ya ndani kutoka Tashkent hadi Urgench, mji wenye uwanja wa ndege jirani na Khiva, halafu hurudi mashariki kwa treni huku wakishuka kila mji. Mpango wowote utakaouziwa, uangalie kwanza kwa jicho hilo.

1. Treni, na mwongozaji wa kukodi katika kila mji

Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, na kwa mbali. Treni ya mwendo kasi, Afrosiyob, ilianza kazi mwaka 2011 kati ya Tashkent na Samarkand na baadaye ikafikishwa Bukhara. Mabehewa yake yalitengenezwa na kampuni ya Talgo ya Hispania, na mwendo wake hufika kilomita 250 kwa saa. Tashkent hadi Samarkand ni saa mbili na dakika chache. Daraja la kawaida linatosha kabisa. Sijaona sababu ya kulipia daraja la juu kwa safari fupi hivyo.

Tatizo la Afrosiyob ni viti. Mwezi wa Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, hali ya hewa inapokuwa nzuri, viti huisha mapema kwa sababu makundi ya watalii huvinunua kwa wingi. Hivyo mpangilio wa manunuzi uwe huu: tafuta tarehe za treni, nunua viti siku vinapofunguliwa, kisha ndipo ulipe vyumba. Ukilipa hoteli kwanza utajikuta una chumba Samarkand na huna namna nzuri ya kufika. Jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana tiketi na pasipoti hukaguliwa mlangoni kabla hujaingia kituoni. Angalia pia jina la kituo, kwa kuwa Tashkent ina vituo viwili vikubwa, cha kaskazini na cha kusini.

Ukikosa Afrosiyob usikate tamaa. Kuna Sharq, treni ya kawaida ya mchana kwenye njia hiyo hiyo, ambayo huchukua muda zaidi lakini ina viti vizuri na nauli ya chini. Kuna pia treni za usiku zenye vyumba vya vitanda vinne, ambazo hukuokolea gharama ya kulala hotelini. Bukhara hadi Khiva ni mwendo wa takriban saa sita jangwani. Beba maji na chakula, na uchague treni ya mchana ili uione Kyzylkum.

Mwongozaji mnunue kwa nusu siku, mji kwa mji, usimchukue mmoja kwa safari nzima. Nasema hivi kwa sababu historia ya miji hii haifanani. Anayeijua Samarkand ya Timur, mtawala wa karne ya 14 aliyeufanya mji huo makao yake makuu, na ya mjukuu wake Ulugh Beg atakueleza kwa nini madrasa ya Ulugh Beg pale Registan, iliyokamilika mwaka 1420, imepambwa kwa nyota, na kwa nini Sher-Dor inayotazamana nayo, ya karne ya 17, ina wanyama wakali na majua yenye nyuso za watu kwenye lango la chuo cha dini. Atakupeleka kwenye mabaki ya chumba cha kupimia nyota, ambako Ulugh Beg na wenzake waliorodhesha nyota zaidi ya 1,000 bila darubini, kazi waliyoimaliza mwaka 1437. Huyo huyo ukimpeleka Khiva atasoma kwenye karatasi kama wewe. Khiva inataka mtu wa Khiva.

Vyumba chagua kwa mahali vilipo. Khiva, lala ndani ya kuta za Itchan Kala, yaani mji wa kale wenyewe, kwa sababu watalii wa siku moja wakiondoka jioni, mji unabaki wako. Bukhara, tafuta nyumba ya zamani ya mfanyabiashara iliyogeuzwa hoteli karibu na bwawa la Lyab-i Hauz. Zina ua wa ndani na dari za mbao zilizochorwa, na bei yake mara nyingi haizidi ya hoteli ya kawaida ya mjini. Samarkand, hakikisha unaweza kutembea kwa miguu hadi Registan. Mgawanyo wangu wa usiku ni huu: Khiva 2, Bukhara 3, Samarkand 2, Tashkent 1. Wengi huipa Samarkand usiku zaidi kwa sababu ya jina lake. Mimi naipa Bukhara, kwa kuwa Samarkand ni mji mkubwa wa kisasa wenye majengo ya ajabu yaliyotawanyika, ilhali Bukhara ya kale unaitembea yote kwa miguu na kila kona ina kitu.

2. Wakala wa humo humo nchini akupangie

Kama huna muda wa kuwinda tiketi, wakala mdogo wa Tashkent au Samarkand atakununulia treni, vyumba na waongozaji, na wewe utabaki huru kwa siku zako. Unalipa ada, lakini unabaki na karibu faida zote za njia ya kwanza. Tena tiketi ikikosekana, anajua pa kuitafuta.

Omba mchanganuo wa bei ulioandikwa, kila kitu na gharama yake. Uliza: treni gani, daraja gani, hoteli ipi kwa jina, viingilio vimo au havimo, ndege ya Urgench imo au haimo. Anayekutajia jumla tupu na kukataa kuivunja, achana naye. Viingilio hasa viulizie. Pale Khiva tiketi ya Itchan Kala hukufungulia makumbusho mengi ndani ya kuta, lakini kupanda mnara wa Islam Khodja na kuingia kaburi la Pahlavan Mahmud, mshairi na mwanamieleka anayeenziwa mjini hapo, hulipiwa kando, na watu wengi hudhani wametapeliwa mlangoni kumbe wakala hakuwaeleza.

3. Gari na dereva kwa safari nzima

Nafasi ya tatu, na ingekuwa ya pili kwa familia ya watu wanne. Faida yake ni vituo vya kando ambavyo treni haivifikii. Shahrisabz, alikozaliwa Timur, iko chini ya kilomita 100 kutoka Samarkand kwa barabara ya mlimani, na pale yamesimama mabaki ya lango la kasri la Ak-Saray ambayo ukiyakaribia shingo inauma kwa kutazama juu. Lakini kwa ajili ya Shahrisabz unaweza kukodi gari siku moja tu ukiwa Samarkand. Kulipia dereva siku nane, pamoja na malazi yake, ili umtumie siku mbili, ni hasara. Na barabara ya Bukhara hadi Khiva kwa gari inachosha kuliko treni.

Teksi za kuchangia zipo kila mji, kwa bei ndogo zaidi, na huondoka zikijaa. Zinafaa kwa dharura. Ndani ya miji tumia programu ya simu ya Yandex Go, ambako bei inaonekana kabla hujapanda. Wanaokusubiri mlangoni mwa kituo hutaja bei ya mgeni. Hili lina maana zaidi Bukhara, maana kituo chake cha treni kiko Kogon, nje ya mji, na huwezi kufika mji wa kale kwa miguu na mzigo.

4. Kifurushi cha kundi

Hiki ndicho kinachotangazwa kuliko vyote, na ndicho nilichonunua mara ya kwanza. Kina watu kinaowafaa kweli: wazee wasiotaka kubeba mizigo, na wanaopenda kuwa na wenzao njia nzima. Siwezi kumlaumu anayekichagua kwa sababu hizo. Ila asome ratiba kwa makini. Ikiandika miji mitatu ndani ya siku nne, nusu ya safari ataipitisha ndani ya basi. Ahesabu pia vituo vya kiwanda cha mazulia na duka la hariri, kwa sababu kila kimoja kinakula saa nzima ya mji. Kimoja tu ningekibakiza, karakana ya karatasi ya Konigil nje ya Samarkand, ambako gome la mforosadi linapondwa na kusuguliwa mpaka linakuwa karatasi laini. Anayesafiri peke yake aulize nyongeza ya chumba, maana bei inayotangazwa huwa ya watu wawili chumba kimoja.

Kwa wanaonunua kifurushi kwa nia ya kuzuru makaburi ya wanazuoni wa Kiislamu, neno moja zaidi. Imamu Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 810, lakini hakuzikwa huko. Alifariki mwaka 870 kwenye kijiji cha Khartang karibu na Samarkand, na kaburi lake liko huko. Ratiba inayotaja Bukhara pekee haikufikishi kwake. Eneo hilo limekuwa kwenye ujenzi mkubwa miaka ya karibuni, kwa hiyo ulizia kama linapokea wageni tarehe zako. Kaburi la Bahauddin Naqshband, sheikh wa Kisufi, liko nje kidogo ya Bukhara. Imamu Tirmidhi ni jambo jingine kabisa: kaburi lake liko upande wa Termez, kusini, karibu na mpaka wa Afghanistan, na kifurushi kinachoahidi kumjumuisha bila kuongeza siku, msikilize muuzaji kwa tahadhari.

Kabla ya njia ya mwisho, mambo matatu yanayohusu wote. Pesa ya huko ni som, na dola 1 inabadilishwa kwa zaidi ya som 10,000, kwa hiyo usishtuke kwa sifuri. Tangu mwaka 2017 serikali ilipoachia thamani ya sarafu, huna haja ya kubadilisha pesa uchochoroni. Benki na mashine zinatosha, lakini noti zako za dola ziwe safi zisizochanika. Viza: mataifa mengi huingia bila viza na mengine hupata ya kielektroniki, hivyo angalia lako kwenye tovuti ya serikali kabla ya kulipa chochote. Hoteli ndiyo inayokuandikisha kwa mamlaka. Na msimu: kuna siku 40 za joto kali, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Agosti, ambazo wenyewe huziita chilla. Joto hupita nyuzi 40. Bei za vyumba hushuka, ni kweli, lakini utakuwa unaununua mchana usioweza kuutumia.

5. Siku moja ya Samarkand kutoka Tashkent

Inauzwa sana kwa wanaopita Tashkent kikazi, na ninaiweka mwisho kwa sababu inakuonyesha mji mmoja tena kwa mbio. Lakini kama ndiyo uliyo nayo, usimlipe wakala. Nunua mwenyewe Afrosiyob ya asubuhi na ya kurudi jioni, ile ya mwisho unayoweza kupata. Ukishuka nenda moja kwa moja Shah-i-Zinda, ule uchochoro wa makaburi yenye vigae vya buluu, kabla makundi hayajafika. Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi msikiti wa Bibi Khanym na soko la Siyob lililo pembeni yake. Chakula cha mchana kiwe osh, pilau yao, na usichelewe, kwa sababu hupikwa kwenye sufuria moja kubwa na ikiisha imeisha. Joto la mchana likabili ndani ya Gur-e-Amir, kuba alikozikwa Timur, ambako dhahabu ya dari huonekana vizuri macho yakishazoea kiza. Registan iweke mwisho kabisa, saa kumi hivi kuendelea, na teksi ya kurudi kituoni uiite mapema kuliko unavyodhani unahitaji.