Vitabu Safi, Viungo Bubu: Tovuti ya Duka Moja la Nairobi

Duka lenyewe, ambalo sitalitaja, liko katikati ya jiji, na kwa wingi wa vitabu vya Kiswahili sina la kulilaumu. Ninachokipima hapa ni tovuti yake, ambayo nimeitumia kwa miezi mitatu kuagiza vitabu nikaletewa hadi mtaani Umoja.

Picha zinaonekana vizuri, bei ziko wazi, na malipo ya M-Pesa hayasumbui. Kasoro iko kwenye viungo, yaani maneno unayobofya ili ufungue ukurasa au faili nyingine. Ukurasa wa riwaya una vitabu 24, na kiungo cha kila kimoja kimeandikwa "Bofya hapa", basi. Mwenye kuona hutazama jalada lililo juu yake akaelewa. Lakini mwalimu mwenzangu asiyeona, anayetumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, hubonyeza Insert na F7 ili apate orodha ya viungo vyote vya ukurasa, na alipoufungua ukurasa huo alisomewa "Bofya hapa" mara 24 mfululizo. "Mwalimu," aliniambia, "hii ni stejini penye matatu 24 zisizo na namba wala makanga wa kuita."

Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, katika kipengele cha 2.4.4, unaruhusu lengo la kiungo lieleweke kwa msaada wa maneno yaliyo karibu nacho, ilhali kipengele cha 2.4.9, cha ngazi ya juu zaidi, kinataka maneno ya kiungo yajitosheleze. Wenye duka wanaweza kujitetea kwa kile cha kwanza, kwa kuwa jina la kitabu limo katika aya hiyo hiyo. Utetezi huo haumfai anayesikiliza orodha. Neno "Agiza" likifuatwa na jina la kitabu lingetosha.

Nami ninayeona sikusalimika. Kiungo kilichoandikwa "Pakua" kiliniteremshia katalogi ya PDF yenye MB 38, nikiwa ndani ya matatu, na bando la siku likaishia hapo. Aina ya faili na ukubwa wake vingeandikwa kwenye kiungo, ningesubiri nifike nyumbani.

Niliwaandikia. Wiki mbili baadaye, "Soma zaidi" ya ukurasa wa usafirishaji ikawa "Ada za kuletewa vitabu Nairobi", mabadiliko madogo yaliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ukurasa wa riwaya bado uko vile vile. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mwenzangu, kwa sasa, anaagiza kwa kupiga simu.