Shahada ya elimu ya jinai: Kakamega au mtandaoni ukiwa Malindi?

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, swali hili hurudi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina shahada hiyo, lakini ni kuvuka nchi nzima: nauli, chumba, chakula. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, husaidia, haumalizi. Huko utapata wahadhiri ana kwa ana, maktaba, na wenzako wa kubishana nao usiku.

Mtandaoni unabaki kwenu. Asubuhi waweza kukaa benchi la nyuma katika Mahakama ya Malindi ukasikiliza kesi, na hilo nalithamini sana. Ila bando ni lako, na umeme ukikatika siku ya mtihani utahangaika peke yako. Kokote uendako, hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Mwenye kazi au mtoto mchanga, abaki. Aliyemaliza shule juzi na ana wa kumshika mkono, apande basi.