Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: nimetengenezewa Ilala, naipa 8 kwa 10

Wakuu hii ni kwa wale wanaopiga pikipiki Dar mpaka Dodoma au Iringa, sio za Mbagala Kariakoo. Siti ninayoizungumzia nimechongewa na fundi siti mmoja pale Ilala, elfu 40 mali na ufundi, na nimeshaikalia njia ndefu za kutosha kuisemea.

Watu wengi wakifika dukani wanabonyeza siti na dole gumba, ikibonyea wanasema hii laini, wanalipa. Siti laini sana ni tamu mjini tu. Ukifika Chalinze sponji limeshalala, ile mifupa miwili ya makalio inagota kwenye plastiki ya chini, damu haipiti vizuri, ganzi inaanza, unakaa upande huu mara upande ule, na Dodoma ni kama kilomita 450 kutoka Dar kwahiyo hapo ndo kwanza umemaliza kama robo ya njia.

Huyu fundi hakugusa kisu mpaka nimepanda pikipiki, miguu imekanyagia, mikono kwenye usukani, akaangalia uzito unaangukia wapi akachora na chaki. Chini akaweka sponji gumu, juu yake laini la inchi moja basi. Nyuma akaitanua, mbele karibu na tenki akaiacha nyembamba ili miguu ifike chini kwenye foleni. Afu akaondoa mteremko, na kwakweli hiki ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, maana siti ikiinamia mbele kila ukishika breki unaserereka mpaka kwenye tenki, viganja vinabeba mwili mzima, unafika mabega yanawaka moto unalaumu usukani kumbe tatizo ni siti.

Mshono ameupeleka pembeni, hakuna uzi unaopita chini ya makalio, na chini ya kava katandika nailoni. Hiyo nailoni msiidharau, mvua ikiingia kwenye tundu za sindano sponji linanywa maji na unaendesha umelowa hata kama jua limeshatoka.

Nimeikata mbili kwa sababu kava ni jeusi, ukiiacha juani Ruaha Mbuyuni ukala chakula ukarudi haikaliki mpaka uimwagie maji, na upande wa abiria sponji ni jembamba sana, mke wangu analalamika tukipita Morogoro na ana haki.

Kuna wanaouliza kuhusu kuweka pedi ya jeli kwenye siti. Jeli inagawa uzito vizuri ila kwenye jua letu inashika joto na hailiachii haraka, mi siishauri labda uwe na kifuniko. Mto wa hewa kama Airhawk ni kitu kizuri, asili yake ni mito ya viti vya magurudumu kwa watu wanaokaa kutwa nzima, ila usiujaze upepo ukawa mpira, makalio yanatakiwa yaelee kidogo tu juu ya siti. Bei yake na kuagiza nje ndo kazi. Ngozi ya kondoo nayo inapitisha hewa, jasho linapungua, ila haiokoi siti mbovu.

Ukienda kwa fundi yeyote, mwambie kabisa akukalishe juu ya sponji tupu kwa muda mrefu kabla hajapiga pini kava, nusu saa ikiwezekana, na uvae suruali unayosafiria.