Mashine ya hewa moto na mlango wa mikono saba

Nimekaa na mashine hii miezi kumi na minne. Imepita kwenye milango sita na madirisha mawili, kwa hiyo naona nina haki ya kuisifu na kuisema.

Ni mashine ya kupuliza hewa moto, ya kubandulia rangi. Ukiitazama utadhani ni draya ya nywele yenye hasira. Ina wati 2,000, swichi ya hatua mbili, na kigurudumu mgongoni cha kupandisha joto kutoka nyuzi 50 mpaka 630 za Selsiasi. Ndani ya boksi mlikuwa na midomo minne ya chuma na skrepa moja ya kukwangulia rangi, iliyopinda siku ile ile ya kwanza. Hiyo skrepa itupe, tafuta ya chuma kigumu.

Nyumba yetu ni ya zamani, na inaelekea kila aliyewahi kuishi humu aliona mlango umechakaa akaupiga rangi juu ya rangi. Hakuna aliyejisumbua kubandua ya mwenzake. Mlango wa chumba cha mbele niliukwangua pembeni kwa wembe nikahesabu mikono saba ya rangi: nyeupe, krimu, nyeupe tena, kijani cha wodi, kahawia, buluu, na chini kabisa kijivu kilichokuwa kimeshika mbao kama ngozi. Nakshi za paneli zilikuwa zimezama, huoni hata kona. Na mlango haufungi. Mwaka mzima nililaumu unyevu, nikisema mbao imevimba, tena nilishashika randa nikitaka kuupunguza. Kumbe mbao haina kosa, ni unene wa rangi tu.

Nilianza na msasa, kwa ujinga. Saa mbili, karatasi kumi na moja, nikapata kipande cha ukubwa wa daftari. Halafu dawa ya kubandulia rangi: inafanya kazi, sikatai, hasa kwenye nakshi, lakini inaunguza vidole hata ndani ya glavu nyepesi, na kila ukimaliza unabaki na ute wa kufuta kwa masaa.

Mashine hii ni kitu kingine. Unaishika umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka kwenye mbao, unaipitisha taratibu bila kusimama, na baada ya muda mfupi rangi inatoa malengelenge. Hapo hapo skrepa iwe nyuma yake. Ukiwahi, rangi haijaachia. Ukichelewa, inageuka kuwa gundi. Ukipatia, mikono mitatu minne inatoka kwa pamoja kama utepe mpana unaojikunja. Paneli moja kubwa ilinichukua dakika ishirini na tano. Huo utepe unaoanguka una raha yake, na raha hiyo ndiyo hatari, kwa sababu mkono unataka kuongeza joto ili kazi iende mbio.

Usiongeze. Kosa kubwa la mashine hii liko hapo, na ndilo limenifanya niipe nyota nne badala ya tano: kijitabu chake hakisemi neno hata moja kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Rangi za zamani za mafuta nyingi zilikuwa nayo. Marekani walipiga marufuku kuitumia majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zikachelewa zaidi, kwa hiyo mlango wa zamani uuhesabu una risasi mpaka upime. Mimi nilipima kwa kijiti cha kubadilika rangi, nikakisugua kwenye mkato uliofika mpaka mbao. Kikawa chekundu: risasi ipo. Ukiipasha rangi hiyo kupita kiasi, risasi inatoka na moshi, unaivuta bila kujua. Sheria za mazingira za Marekani zinawakataza mafundi wanaobandua rangi ya namna hii kuvuka nyuzi 593 hivi. Mashine inafika 630, na aliyeinunua haambiwi. Mimi sijavuka 400, na rangi inatoka vizuri tu.

Kwa hiyo mlango niliung'oa kwenye bawaba nikaupeleka nje, juu ya turubai. Nilivaa barakoa yenye vichujio vya kweli, kwa sababu ile ya kitambaa haizuii kitu. Watoto marufuku kusogea, nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Mabaki ya mwisho nikayapiga msasa yakiwa yamelowa, vumbi lisiruke. Mke wangu aliniona nanyunyizia mlango maji akauliza kama nategemea uote.

Sasa mikosi yangu. Dirisha la kwanza nilipasua kioo. Nilikuwa nafuata puti inayoshika kioo kwa mdomo mwembamba, joto likaingia upande mmoja, nikasikia "tak". Kuna mdomo wenye ubavu wa kukinga kioo, umo ndani ya boksi, nami nilikuwa nimeuona nikaudharau.

Mkosi wa pili ulinitisha zaidi. Fremu ya mlango haing'oki, kwa hiyo ile niliifanyia kazi pale pale ukutani. Nilimaliza, nikazima, nikaenda kuoga. Niliporudi nikasikia harufu ya kuungua. Nyuma ya mbao za ukingo kulikuwa na uwazi uliojaa vumbi na takataka za miaka, hewa moto imepenya kwenye ufa, na mle ndani kitu kilikuwa kinafuka bila mwali. Nilibandua ubao kwa tindo nikamwaga maji. Tangu siku hiyo kwenye fremu naacha mashine, natumia dawa na uvumilivu. Na hata kwa mlango ulio nje, nikizima nakaa nao saa nzima, ndoo ya maji pembeni.

Jambo dogo la umeme: wati 2,000 si mchezo kwa nyaya za nyumba kuukuu. Ekstensheni ifungue yote, usiiache imeviringishwa, maana inapata moto kama mashine yenyewe. Waya wa mashine ni mfupi, hilo nalo ni lawama.

Mlango wa mbele ulipobaki mbao tupu, niliona kwenye ubavu, karibu na bawaba ya juu, mikato mitatu midogo ya patasi, III. Nikaenda kutazama fremu. Baada ya kuikwangua, mikato mitatu ile ile. Seremala aliutia alama asije akaufunga mahali pa mwingine. Nikaurudisha, ukafunga kwa kidole kimoja. Alama hizo nimezipiga vanishi tu, rangi isizifikie. Mlango wa saba ni wa stoo, nimeshaukwangua pembeni: mikono tisa.