DaVinci Resolve ya bure kwa grafiki zenye alfa (data ya uwazi wa picha), vile mimi naitumia kwa laivu za matanga

Kazi yangu ni kurusha matanga na harusi laivu, Kisumu, Ahero, Bondo, popote nikiitwa. Utepe wa jina, fremu ya maua ya picha ya marehemu, logo ya kanisa, zote natengenezea Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, kisha naziweka juu ya picha ya kamera kwa OBS, programu ya kurusha laivu.

Wengi hulalamika grafiki yao inatoka na boksi jeusi nyuma. Hiyo ni kodeki, yaani njia ya kubana video, laptopu haina makosa. H.264 ya MP4 haibebi alfa, so pale ukurasa wa Deliver wa kutoa faili chagua QuickTime, kodeki GoPro CineForm RGB 16-bit, halafu utie tiki Export Alpha. Hapo lazima niisifu, hata kivuli laini chini ya herufi kinatoka safi kabisa. Ikikuuliza premultiplied ama straight, mimi huenda na straight, juu ile ingine rangi zishachanganywa na nyeusi, OBS ikichanganya tena unapata kalaini keusi kuzunguka jina, na kwa hema jeupe la matanga hako kalaini kanaonekana hadi na shangazi anayefuata kwa simu akiwa Dallas.

Shida ni uzito. CineForm inakula diski vibaya, kwa hivyo naipitisha FFmpeg, programu ya kubadilisha video, iwe WebM ya kodeki ya VP9, yuva420p (hiyo a ndiyo alfa), OBS inaicheza bila noma. Ukikagua faili kwa ffprobe, kifaa cha FFmpeg, ikuambie yuv420p bila a usishtuke, alfa iko, VP9 huiweka kando na dikoda ya kawaida ya FFmpeg huiruka, weka -c:v libvpx-vp9 kabla ya -i utaiona.

Na hii haihusu Resolve lakini wacha niseme: rekodi ya OBS ni chai ishatiwa maziwa, huwezi toa utepe baadaye. Familia ikikuambia jina la babu limekosewa herufi utafanya nini? Mimi kamera inarekodi kwa kadi yake bila grafiki, nikifika nyumbani nalaza leya upya.

Studio, ile Resolve ya kulipia, ni dola 295 unalipa mara moja, ila kwa hii kazi sijaihitaji. RAM ndio stori, wenyewe wanasema 16GB kwa Windows, na ukiingia Fusion, sehemu ya Resolve ya grafiki na efekti, 32GB. Ukiwa na 8GB maliza grafiki usiku wa kuamkia mazishi, usithubutu kufungua Resolve ukiwa kwa boma na jenereta ya kukodi.