Jioni za mikutano mikuu katika mgahawa wa Shangani, Mtwara

Mtwara mjini, upande wa Shangani, upo mgahawa wenye baraza pana unaotoa huduma ambayo sijaikuta penginepo katika mikoa yetu ya kusini. Kila Ijumaa baada ya swala ya Isha, kwa shilingi elfu tano pamoja na chakula, mteja huketi kusikiliza na kujadili namna vyama vya siasa vinavyompata mgombea urais na mgombea mwenza wake katika mikutano mikuu ya taifa. Anayeongoza ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia. Huanza kwa kuonyesha vipande vya video za mikutano hiyo, kisha huandika takwimu ubaoni, na mwisho huwagawia wateja karatasi za kura ili wapitie wenyewe hatua alizozieleza.

Chakula ni kizuri na hakihitaji maneno mengi: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, na ming'oko ya kuchemsha inapokuwa msimu wake. Kinaandaliwa kabla ya mazungumzo kuanza, jambo ambalo nalisifu, kwa sababu mtu hawezi kufuatilia hesabu ya kura huku wahudumu wakipita na sahani mbele ya ubao.

Thamani kuu ya huduma hii imo katika somo la mwaka 1995, na wateja hulisikiliza kwa makini ya pekee kwa kuwa aliyeteuliwa mwaka ule, Benjamin Mkapa, alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi. Mwalimu huandika matokeo ya duru ya kwanza ya mkutano mkuu wa CCM uliofanyika Chimwaga, Dodoma: Jakaya Kikwete kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Huwauliza wateja nani ameshinda, na vijana wengi hujibu kwamba ni Kikwete. Hapo ndipo hueleza sharti la kuvuka nusu ya kura zote, ambalo hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyelitimiza, kisha huandika duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Ukitoa hesabu utaona kwamba Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete akaongeza 105, maana yake ni kwamba, kama hakuna aliyehama kambi, wajumbe wa Msuya ndio walioamua nani awe mgombea, na takriban wawili kati ya kila watatu walikwenda kwa Mkapa. Nimesoma habari za uteuzi ule mara nyingi, lakini sikuwahi kuuona ukielezwa kwa uwazi wa namna hii, bila kumkweza mtu wala kumshusha.

Zoezi la kura linalofuata si mchezo wa kupotezea muda. Wateja hupewa wagombea watatu wa kubuni, hupiga kura, wa mwisho huondolewa, na kabla ya duru ya pili huachwa nafasi fupi ya kuzungumza. Katika nafasi hiyo mtu huona kwa macho yake jinsi walioshindwa wanavyogeuka kuwa watu muhimu kuliko wote barazani, kila meza ikiwaita na kuwaahidi jambo. Mtu akishashiriki hapo, neno duru ya pili halitakuwa tena neno la gazetini tu.

Somo la 2015 ni zito zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kuhudhuriwa kuliko yote. Mwaka ule wanachama 38 wa CCM walirudisha fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais. Kamati Kuu iliwapunguza hadi watano: Bernard Membe, John Magufuli, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ya Taifa ikawabakiza watatu, na mkutano mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59. Membe, mbunge wa Mtama mkoani Lindi, aliishia katika Halmashauri Kuu. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, hakufika hata katika wale watano, na miezi michache baadaye, akiwa mgombea wa Chadema aliyeungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, alipata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Mama mmoja kutoka Lindi aliuliza, "Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo wale wajumbe wa Dodoma walichagua, au walikuwa wamekwisha kuchaguliwa wa kumchagua?" Mwalimu alimjibu, "Marahaba, mama. Walichagua, lakini katika watatu. Thelathini na watano waliondolewa na vikao vingine, tena vyenye watu wachache." Jibu hilo ndilo kiini cha huduma yote, nami nakubaliana nalo kabisa: anayetaka kujua nani amemteua mgombea asiutazame ukumbi peke yake, autazame mkono ulioshika orodha kabla haijafika ukumbini.

Ijumaa ya Marekani inaongeza uzito wa hoja hiyo badala ya kuiacha pembeni. Mwaka 1924 chama cha Democratic, kikiwa New York, kilipiga kura duru 103 kabla ya kumpata John W. Davis, kwa sababu kanuni yake ilidai theluthi mbili ya kura, na kanuni hiyo haikufutwa hadi 1936. Tangu 1952 hakuna chama kikubwa cha nchi hiyo kilichohitaji duru ya pili. Mwaka 1968 Hubert Humphrey wa Democratic aliteuliwa Chicago bila kushindana katika chaguzi za mchujo za majimbo, ukazuka mtafaruku mkubwa, na kanuni za chama zikaandikwa upya, hata uamuzi ukahamia kwa wapiga kura wa majimboni na mkutano mkuu ukabaki kuthibitisha. Mwaka 2024, baada ya Joe Biden kujitoa Julai 21, wajumbe walimteua Kamala Harris kwa kura ya mtandaoni mwanzoni mwa Agosti, kabla mkutano wa Chicago haujafunguliwa. Mwalimu aliweka habari hiyo kando ya mkutano mkuu maalumu wa CCM wa Januari 2025 mjini Dodoma, ambapo wajumbe walipitisha azimio la kumteua Rais Samia Suluhu Hassan, na Emmanuel Nchimbi akawa mgombea mwenza. Ulinganisho huo ulifanywa kwa heshima na kwa haki.

Upungufu wa kweli ni mgombea mwenza. Somo lake husukumwa mwishoni, saa ambayo watu wameanza kuulizia bodaboda. Husemwa tu kwamba Katiba yetu inataka rais na makamu watoke pande mbili tofauti za Muungano, na kwamba mwaka 1956 Adlai Stevenson, mgombea urais wa Democratic huko Marekani, aliwaachia wajumbe wamchagulie mgombea mwenza, Estes Kefauver akamshinda John F. Kennedy. Basi. Katika nchi ambayo makamu aliapishwa kuwa rais Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha Rais Magufuli, jambo hili haliwezi kuwa la dakika za mwisho. Wajumbe wa Julai 2015 walipigia kura jina la kwanza katika tiketi, ilhali jina la pili lililetwa kwao likiwa limekwisha kupendekezwa, na jina hilo la pili, la Samia, ndilo lililokuja kuongoza nchi. Mada hiyo inastahili Ijumaa yake, yenye ubao wake na karatasi zake za kura.

Kipaza sauti nacho ni kibovu, na upepo wa baharini huyameza maneno ya wanaouliza kutoka viti vya nyuma, kwa hiyo ni vyema kufika mapema na kukaa karibu na ubao. Malipo hupokelewa mlangoni, kwa fedha taslimu au kwa simu, na wanafunzi wa sekondari wanaofika na mzazi au mlezi hulipia chakula peke yake.